Gari Lililoshushwa

Kihesa, 2 Desemba 1977
Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, nami nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gari nikikagua matairi. Ya mbele yatavumilia. Ya nyuma yote mawili ni vipara, na la kushoto linaonyesha nyuzi kama goti la suruali kuukuu. Binti yetu Rozalia atajifungua mwishoni mwa Januari kule Rujewa, na mama yake amesema safari hii lazima awepo. Mara mbili zilizopita hakuwepo, na mara zote mbili Rozalia alizika. Kwa hiyo tuna mwezi huu na nusu ya ule ujao kupata matairi mawili, kabla mvua haijalainisha njia ya Usangu.

4 Desemba
Baada ya misa vijana wa stendi wamenipigia makofi. Gari letu, Ford Kotina, liko chini kuliko gari lolote la Iringa, nao wameliita Kenge. Leo mmoja alisema, "Mwalimu, mwambie kenge avute tumbo, mbele kuna jiwe." Nikampungia mkono. Nimefundisha hesabu miaka mingi; kuchekwa na vijana ni sehemu ya mshahara.

Niandike sababu, maana mgeni akiliona gari hili atadhani nimezeeka vibaya. Miguu ya mke wangu Severina ilikufa baada ya homa ya mwaka wa sabini na tatu. Mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Hujisogeza kwa mikono akiwa ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, kisha hujiinua kutoka chini hadi kwenye kigoda. Kutoka kigoda hadi kiti cha gari palikuwa mbali mno. Nikamtengenezea sanduku lenye ngazi mbili. Siku ya Pasaka liliteleza mbele ya kanisa, akaanguka, na wanaume wanne wakamnyanyua na kumwingiza garini huku mmoja akihesabu, moja, mbili, tatu, kama wanaopakia mahindi. Hakulia. Tulipofika nyumbani alisema hatabebwa tena mpaka siku ya jeneza.

Nikamwendea fundi Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye gereji yake karibu na soko. Alikata springi za mbele, na nyuma akaingiza vipande vya chuma kati ya ekseli na springi. Gari likashuka kwa upana wa vidole vinne. Sasa Severina hutoka kigodani hadi kwenye kiti kwa mkupuo mmoja, mgongo kwanza, kisha huivuta miguu yake ndani, mmoja baada ya mwingine, na kufunga mlango mwenyewe. Hukaa nyuma, miguu ameinyoosha juu ya kiti. Hakuna mtu anayemgusa.

7 Desemba
Madukani hakuna. Mmoja alinionyesha tairi la trekta, nadhani kwa kunitania.

9 Desemba
Asukile anasema nitafute "tairi ya kumi na tatu" yoyote. Nimemweleza, kwa utaratibu, kwa nini si yoyote.

Ubavuni mwa tairi letu imeandikwa 5.60-13. Hiyo kumi na tatu ni inchi za rimu peke yake, duara la chuma. Tano nukta sita ni unene wa tairi likishajazwa upepo, na kwa matairi ya aina yetu kimo cha ubavu hukaribia unene wake. Ukitaka kimo cha tairi zima, chukua kumi na tatu, ongeza unene mara mbili, wa juu na wa chini. Letu linafika inchi ishirini na nne na kidogo. Lakini kuna 6.40-13 pia, nalo linakaribia ishirini na sita. Yote mawili ni "kumi na tatu". Kumtajia muuzaji kumi na tatu peke yake ni kama kumtajia fundi cherehani kipimo cha kola na kuliacha tumbo.

Kwa gari la kimo cha kawaida tofauti hiyo haidhuru sana. Kwa letu, Severina akiwa ameketi nyuma, kati ya tairi na madigadi pamebaki nafasi ya kidole kimoja.

Asukile alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, umenifundisha. Sasa nifundishe na duka lilipo."

12 Desemba
Limebaki jambo nililokuwa nikiliepuka, yaani kumwomba Limbu. Huyu ni mume wa Rozalia, Msukuma. Baba yake alihamia Usangu na ng'ombe wengi, naye mwenyewe analima mpunga na hufika Mbeya mara kwa mara, ambako malori ya Zambia huleta kila kitu. Sikumkataa alipoposa. Sikumkubali pia, nilinyamaza, na mambo yakaenda. Tangu harusi sijala nyumbani kwake.

Nimempata dereva wa lori la saruji anayepeleka mzigo Rujewa. Nimemweleza saizi kwa kirefu, nikamchorea mchangani, nikamwambia arudie. Akarudia vizuri.

15 Desemba
Nikaingiwa na wasiwasi juu ya yule dereva, nikapeleka na simu ya maandishi. Pale posta kila neno hulipiwa, nami niliamini maelezo marefu yameshafika kwa mdomo. Nikaandika: LETA TAIRI MBILI KUMI NA TATU GARI LIMESHUSHWA. Limbu hajaliona gari tangu lishushwe. Neno hilo la mwisho niliona linatosha kumkumbusha asilete makubwa.

20 Desemba
Mvua.

25 Desemba
Noeli. Severina ameimba sauti ya pili kutoka mahali petu pa nyuma, karibu na mlango. Padri alitaka watu wamsogeze mbele. Akamwambia anasikia vizuri.

29 Desemba
Mvua. Kuta za jikoni zimelowa. Severina anashona kofia ya mtoto, ya sufu. Nimemwambia Rujewa ni joto. Amesema joto la Rujewa halijamsaidia mtu bado.

6 Januari 1978
Limbu amefika jioni, ameloa, na matairi mawili mapya yamefungwa mgongoni kwa kamba kama mtu aliyebeba vyungu. Akayaweka barazani, akakaa mbali kidogo nami kama desturi inavyotaka, akasalimia, akaulizwa habari za Rozalia, akajibu anaendelea ila miguu imevimba. Kisha akatazama uani, akatazama nyuma ya nyumba.

"Baba, hiyo gari nyingine iko wapi?"

Nikamuuliza gari gani.

"Iliyoshushwa. Nimepita Makambako, steshenini, nikauliza. Wakasema hakuna gari ya mwalimu yoyote iliyoshushwa pale."

Nilichukua muda kuelewa. Walikuwa wameisoma simu yangu, yeye na Rozalia, wakafurahi: baba amenunua gari jingine, limeletwa na treni kutoka Dar es Salaam, limeshushwa kwenye behewa, limekaa halina matairi. Na gari la kushushwa na treni, walifikiri, haliwezi kuwa dogo. Limbu aliuza mtamba, akaenda Mbeya, akachagua matairi makubwa kuliko yote ya kumi na tatu yaliyokuwepo. Yule dereva wa saruji alikuwa amemfikishia maneno matatu tu, "kumi na tatu".

Severina alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia, "Mwanangu, gari ni hili hili. Limeshushwa kama mimi nilivyoshushwa." Limbu akacheka naye. Mimi nilikwenda na taa kusoma ubavu wa tairi, ingawa nilikwisha kujua. 6.40.

7 Januari
Asukile ameyafunga kwa majaribio. Gari likiwa tupu yaliingia, akasimama na kufuta mikono. "Kumi na tatu ni kumi na tatu, Mwalimu." Nikamwambia tairi halipimwi gari likiwa tupu. Nikaagiza gunia la mahindi lisilojaa sana liwekwe kiti cha nyuma, kadiri ya uzito wa mama.

Severina alikuwa mlangoni. Akasema, "Gunia ni nani? Nileteeni kigoda."

Akaingia mwenyewe, Asukile na Limbu wakageuza nyuso kama tulivyozoea sisi wa nyumbani. Limbu hakuwa ameambiwa ageuze uso, aligeuza tu. Tukazunguka kanisa mara moja. Kwenye kila shimo tairi lilikwaruza madigadi kwa sauti ya mbuzi anayekabwa, na tuliporudi palikuwa na harufu ya mpira ulioungua na mfereji mbichi kwenye tairi la kushoto. Mwendo wa Rujewa lingepasuka kabla ya Mafinga.

Asukile alishauri tulinyanyue gari kidogo. Kidogo hicho ndicho kimo ambacho Severina hawezi kukipanda. Akashauri tukate madigadi. Juu ya madigadi hayo kuna bati la bodi lililokwisha kuoza. Tungekata gari lote.

Nimekaa na Limbu barazani mpaka giza. Nilimweleza kimo na unene, nikitumia sahani na bakuli. Aliuliza maswali machache, na kila moja lilikuwa mahali pake. Aliuliza, kwa mfano, kama tairi linaweza kuwa nene bila kuwa refu. Nikamwambia ya zamani hapana, ila yapo ya kisasa yenye nyuzi zilizolazwa kwa namna nyingine, na ubavu wake ni mfupi. Nimeyasoma tu, sijayaona. Akasema, "Basi baba, nitakachotazama ni urefu, siyo ile kumi na tatu." Wanafunzi wangu wengi hawakufika hapo kwa muhula mzima.

8 Januari
Limbu ameondoka alfajiri na basi. Amebeba matairi makubwa akayabadilishe Mbeya, na tairi letu moja la kipara alisimamishe kando ya lolote atakaloonyeshwa.

11 Januari
Mvua.

13 Januari
Mvua. Severina ameuliza kama basi lina ngazi ngapi. Anajua zilivyo. Nimemjibu tatu, na ya kwanza ni ya juu. Akarudi kwenye sufu yake.

17 Januari
Basi la Mbeya limechelewa. Limbu hayumo. Watu wanasema Igawa maji yamepanda.

19 Januari
Limbu amefika. Amezunguka Mbeya siku nyingi, akalala kwa ndugu zake, akampata dereva wa Kitwe, Zambia, aliyekubali kubadilishana. Ubavuni imeandikwa 165-13. Nilipoiona hiyo mia na sitini na tano nilidhani ni kubwa mno, kisha nikakumbuka ni milimita, nikakaa chini na penseli. Ni nene kuliko la zamani, lakini ubavu ni mfupi: kimo chake kinapungua letu kwa karibu nusu inchi. Ni yale ya kisasa niliyoyasoma. Nikamweleza Asukile kwamba hayo hufungwa nyuma na yale ya zamani hubaki mbele, kamwe si kinyume, maana ukifanya kinyume mkia wa gari huteleza kwenye maji. Akasema mkia wa kenge anaujua.

Severina ameingia, tumezunguka kanisa. Kimya kabisa. Tunaondoka kesho, sote watatu.

22 Januari, Rujewa
Naandika katika chumba cha wageni cha parokia. Nitajaribu kuyaandika kwa mpangilio.

Tuliondoka kabla ya jua. Lami ilikuwa njema na matairi yalishika vizuri hata kwenye mvua. Baada ya Makambako Severina alilala. Limbu alikaa mbele nami na alizungumza zaidi ya siku zote. Aliniambia wakati watoto wale wawili walipofariki hakujua la kumwambia Rozalia, akawa anakwenda kukaa na ng'ombe. Aliniambia ametengeneza kitanda kifupi kwa ajili ya mama, amekata miguu ya kitanda kile kile cha harusi.

Igawa tuliacha lami. Njia ya Rujewa ni udongo mweusi unaonata, na malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili yenye tuta katikati. Gari refu hupita juu ya tuta. Letu lilikwenda mwendo mdogo, likapanda tuta kwa tumbo, magurudumu yakaning'inia na kuzunguka bure. Matairi yalikuwa sahihi. Sikuwa nimekosea hesabu yoyote kuhusu matairi.

Limbu alivua viatu, akasema atakwenda nyumbani kuleta ng'ombe na mkokoteni. Tulisubiri. Mvua ilikoma, ikarudi. Lori moja lilipita pembeni na watu wakashuka kutaka kumsaidia mama, wamnyanyue wampakie. Severina aliwashukuru kupitia dirishani na hakufungua mlango. Baada ya lori kuondoka alisema, "Baba Roza, nimekosea?" Nikamwambia hapana. Sijui kama nilisema kweli.

Limbu alirudi na ng'ombe wawili, mkokoteni, na kaka yake. Niliona amenyamaza, nikadhani ni uchovu. Sakafu ya mkokoteni ilikuwa juu ya kifua cha Severina. Kaka yake alikunja mikono ya shati ili ambebe. Limbu akamzuia kwa mkono. Akachukua mpini wa jembe, akapima kutoka ardhini hadi kwenye kiti cha gari, akatia alama kwa kucha, akapima mkokoteni, kisha akaanza kuchimba. Alichimba mitaro miwili kando ya gari, upana wa gurudumu, ikiteremka taratibu. Kaka yake alitaka kumpokea jembe, akakataa. Alichimba katika matope yale bila kuinua uso. Wakaurudisha mkokoteni nyuma, magurudumu yakaingia mitaroni, na sakafu ikashuka mpaka ikalingana na kiti. Wakageuza nyuso. Severina akahama kwa mikono yake.

Ng'ombe walipoanza kuvuta, aliuliza kama Rozalia hajambo.

Limbu alikuwa akitembea kando ya gurudumu, mkono kwenye ubao. "Rozalia yupo, mama," alisema. "Alijifungua usiku wa juzi. Mtoto hakukaa."

Alikuwa ameyasikia alipofika kwake kuchukua ng'ombe. Wa kiume. Alikuwa ameshazikwa. Akafunga mkokoteni, akarudi, akachimba.

Nilitembea nyuma yao. Nilikuwa na maelezo yote kichwani, ya dereva wa saruji, ya simu, ya neno lile lenye maana mbili, na majuma mawili yaliyopotea kwa ajili yake. Nyumbani kwa Limbu wazee wa kwao waliuliza kwa nini mama wa binti amechelewa. Limbu akawaambia yeye ndiye aliyenunua saizi isiyofaa. Nikafungua kinywa kusema maneno yalikuwa yangu. Kutoka ndani tulisikia Rozalia akilia kwa sauti ya mtoto, "Mama," na Severina akijibu, na hakuna aliyenisikiliza.

24 Januari
Nimekwenda asubuhi kuaga. Kwetu mzee hakai kwa mkwe wake. Husemwa amekwenda kulishwa. Severina atabaki mpaka Rozalia asimame. Gari limevutwa na ng'ombe hadi lami.

30 Januari, Kihesa
Nyumba ni kimya. Nimepika ugali mbichi.

11 Februari
Mvua.

26 Februari
Asukile amekuja na ndizi kutoka kwao. Hakutaja gari. Nilimweleza kuhusu mitaro, akauliza kina chake, nikamwonyesha kwa mkono. Akatikisa kichwa muda mrefu. Zamani nilidhani Asukile hasikilizi.

12 Machi
Nimewasha gari ili betri isife. Nimeangalia upepo wa matairi. Liko tayari wakati wowote atakaposema.

3 Aprili
Limbu amekuja. Rozalia anakula sasa, anatoka nje jioni. Nikamwambia basi nitakuja kumchukua mama wiki hii. Mvua zinapungua, tutakutana Igawa kwenye lami, utamleta kwa mkokoteni.

Alitazama mikono yake. Desturi haimruhusu kunipinga. Akasema, "Mama amenituma maneno. Amesema nisiongeze wala nisipunguze."

Nikamwambia aseme.

"Amesema, asije kunichukua. Aje."

Nikamuuliza Limbu, Severina anaishije kule, kwenye matope? Akaniambia yeye amechimba mitaro ya kudumu mlangoni, akaitandazia mawe, na mingine kanisani, na mingine sokoni kwa idhini ya mwenyekiti. Ng'ombe wamezoea kurudi nyuma. Mama hutoka kila siku. Hupeleka maua kaburini pamoja na Rozalia, kisha wanapitia sokoni, na wanawake hupanda kumsalimia hapo hapo mkokotenini.

Kila siku. Hapa Kihesa, kwenye mlima huu, alitoka nilipotaka kutoka mimi.

Nimekula na Limbu sahani moja. Amelala chumba cha Rozalia. Nimeamka mara kadhaa nikiwaza watakavyosema watu wa Kihesa, kisha nikawaza kwamba hata wao hawajui ngazi za basi ni ngapi.

5 Aprili
Nimepeleka gari kwa Asukile. Nimemwambia atoe vyuma vya nyuma na atafute springi nzima za mbele, alirudishe kimo chake cha zamani, lipite juu ya tuta. Nitalipakia nguo, vitabu na cherehani ya Severina, halafu nitafunga nyumba niende Rujewa.

Alizunguka gari lote akiligusa. Akaniuliza, "Sasa mama atapandaje?"

Nikamwambia hatapanda.

Akaenda kuleta jeki.